Siku Ndege Ilipokaa Kitako

Kijarida cha wastaafu wa shirika la ndege kilifika Jumatatu, na aliyekisoma alikuwa Fundi. Mumewe alikuwa ametolewa mtoto wa jicho wiki mbili nyuma. Jicho la kushoto lilikuwa bado limefunikwa, la kulia lilikuwa likingoja zamu yake. Daktari alimkataza kusoma, kuinama na kubeba kitu kizito. Amri hiyo ya mwisho mzee aliichukulia kama tusi, maana alikula mshahara miaka thelathini na mmoja kwa kujua kipi ni kizito na kipi si kizito.

Majirani walimwita Karani, na jina hilo lilimstahili. Kiwanjani yeye ndiye aliyekuwa karani wa uzito. Kila sanduku, kila gunia na kila abiria aliandikwa kwenye karatasi yake, naye akaamua nini kikae mbele na nini kikae nyuma ili ndege ipae imetulia. Mpaka leo hakuweza kupanda lifti bila kuwatazama watu wa ndani na kujumlisha kilo zao kimoyomoyo. Mkewe hakuwahi kufanya kazi kwenye ndege hata siku moja. Alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikuwa pale pale sebuleni karibu na dirisha, imezungukwa na sketi za sare za shule zinazosubiri pindo.

“Anza na waliotangulia mbele ya haki,” Karani alisema, akajiegemeza kwenye kochi.

“Safari hii hakuna aliyekufa.”

“Hakuna hata mmoja?”

“Unasikitika?”

“Nashangaa tu. Haya, wagonjwa.”

Fundi alivaa miwani yake akasoma. Mkuu wa zamani wa jiko la ndege amewekewa goti jipya na sasa anapanda ngazi haraka kuliko mwanawe. Karakana ya zamani, ile iliyotengeneza ndege za pangaboi, imekodishwa kwa muuza vigae. Bawa la ndege ya mwisho ya aina hiyo limeonekana kwenye mlango wa hoteli moja, limepakwa rangi ya waridi.

“Waridi!” Karani aliruka. “Bawa lile? Lile lililotua kwenye mvua ya mawe?”

“Waridi. Kaa chini, jicho litatoka. Halafu wanasema wamempata Dada Simu, yule opereta wa simu wa kiwanjani. Alikuwa akiishi mbali kwa watoto wake miaka ishirini, sasa amerudi. Jumamosi atakuja kikaoni. Maana yake atakuja hapa kwetu.”

Kikao cha wastaafu kilifanyika kila baada ya miezi mitatu, kikizunguka nyumba kwa nyumba. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yao. Fundi alikuwa ameshaazima viti sita kwa jirani na ameshaanza kushona vitambaa vipya vya meza.

“Soma Kumbukumbu,” Karani akasema. Hapo sauti yake ilipungua kidogo, kwa sababu ukurasa wa Kumbukumbu uliandikwa na Rubani, na Rubani alikuwa ameahidi kwamba mwezi huu ataandika kisa chenyewe.

Kisa chenyewe kila mstaafu alikijua. Kiliitwa Siku Ndege Ilipokaa Kitako. Ndege ya mizigo ilitua mchana, mbele imejaa marobota ya vitambaa, nyuma kuna mtambo wa kuchapishia magazeti. Kanuni ni kupakua nyuma kwanza. Siku hiyo wapakizi walianza mbele. Mbele ikawa nyepesi, nyuma ikabaki nzito, na ndege taratibu ikainua pua yake, ikakalia mkia kama mbwa anayesubiri mfupa. Hakuna aliyeumia. Rubani alikuwa bado kwenye kiti chake akinywa chai, akajikuta anatazama mawingu. Na aliyetakiwa kusimama pale na karatasi yake, aseme kipi kitoke kwanza, alikuwa Karani. Wakasema alikuwa amelala kivulini. Tangu siku hiyo kwa wenzake akawa Mkia.

Fundi alikuwa amekisikia kisa hicho mara nyingi kuliko alivyotaka. Alianza kukisoma haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. “Nimepata kitabu changu cha zamani cha safari, kwa hiyo sasa naweza kuandika tarehe bila kukosea. Ilikuwa tarehe saba, mwezi wa sita, mwaka—”

Macho yake yalirudi mwanzo wa mstari.

“Mwaka gani?” Karani aliuliza.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Mwaka ulikuwa ule ule. Tarehe ilikuwa ile ile. Alikunja kijarida.

“Macho yamenichoka,” alisema. “Tutamalizia kesho.”

*

Tarehe saba mwezi wa sita, saa sita na dakika kumi mchana, Fundi alijifungua binti yake wa pekee. Alikwenda hospitali na jirani, kwa sababu mumewe alikuwa kazini. Muuguzi alisema amempigia simu baba. Fundi akaoga, akabadilisha kanga, akachana nywele, akamlaza mtoto upande wa mlango ili baba akiingia amwone. Saa nane haikuja na mtu. Saa kumi wanawake wengine wodini walikuwa na waume zao na mapapai. Karani alitokea saa moja jioni, muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, mlinzi amemhurumia dakika tano. Alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu maneno matatu tu: kazi zilikuwa nyingi.

Fundi alikuwa ameshageukia ukutani. Na kwa namna fulani, kwa miaka thelathini na minane, hakuwahi kugeuka kabisa. Walikuwa na ndoa nzuri, walicheka, walijenga, walisomesha. Lakini kila ugomvi ulipopamba moto, uwe wa bomba linalovuja au wa chumvi, kuna mahali angefika na kusema: “Na wewe, uliyekuja mtoto ameshakauka!” Hapo Karani angenyamaza, na ugomvi ungeisha yeye ameshindwa.

Habari ya ndege aliambiwa wiki mbili baadaye, kwa mkato: kuna ndege ilikaa, nimepewa barua ya onyo. Hakutaja siku, naye hakuuliza. Alikuwa na mtoto mchanga na usingizi wa kuku.

Sasa alikaa kwenye cherehani bila kushona. Mguu ulikuwa juu ya kanyagio, haukukanyaga.

“Mzee,” aliita hatimaye. “Ile ndege yenu ilikaa lini?”

“Zamani.”

“Zamani ni lini?”

“We, zamani ni zamani. Unataka nikupe na saa?”

“Ndiyo. Nipe na saa.”

Karani aligeuza uso wenye kitambaa upande wake. Kisha akasema jicho linamuwasha, anakwenda kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

*

Siku nne zilizofuata nyumba ile ilizungumza kwa sahani na milango. Fundi alimtilia mumewe dawa ya jicho kwa wakati, matone mawili, bila neno. Karani alisema asante, naye akajibu “haya.” Siku ya Alhamisi alitamani kumpigia simu Rubani na kusema wahamishie kikao kwingine. Kilichomzuia ni vile viti sita vya kuazima, maana jirani angetaka kujua kwa nini vimerudi bila kukaliwa.

Binti yao alifika Jumamosi mapema, amebeba keki mbili na kreti ya soda. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu kama baba, mwenye ulimi wa mama. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

“Nani amekufa?”

“Safari hii hakuna,” Karani alijibu.

“Mama, mmegombana?”

“Panga vikombe.”

“Mmegombana juu ya nini, katika umri huu?”

“Juu ya siku uliyozaliwa,” Fundi alisema. “Panga vikombe.”

Binti alicheka, akidhani ni mzaha.

Wageni walikuja tisa. Rubani alitangulia, mwembamba, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa kwenye viwiko, na begi la karatasi zake mkononi. Alifuatiwa na Bonge, aliyekuwa nyapara wa wapakizi. Zamani jina lilimfaa. Sasa alikuwa amekonda, jina ndilo lililobaki na unene wake. Aliingia akipiga makelele toka mlangoni.

“Shemeji! Mkia yupo? Au amelala?”

Watu walicheka. Fundi alitabasamu kwa meno tu.

Wa mwisho alikuwa mwanamke mfupi mwenye fimbo na sauti nzito kama ya redio. Kabla hajajitambulisha alisema, “Kiwanja cha ndege, habari za mchana, nikuunganishe wapi?” Sebule nzima ikalipuka. Waliinuka wote, hata mwenye goti jipya. Dada Simu alikumbatiwa mpaka fimbo ikaanguka.

Kikao kilikuwa na utaratibu wake: kwanza habari, halafu chai, halafu kumbukumbu. Habari zilikuwa tamu siku hiyo. Walibishana kuhusu bawa la waridi kwa robo saa. Nusu yao walitaka kwenda hotelini kudai lipakwe rangi upya, nusu wakasema afadhali waridi kuliko kuyeyushwa liwe sufuria. Walikumbuka siku ndege ya kwanza ya jeti ilipotua, watu wamepanga mstari kwenye uzio toka alfajiri, na mkuu wa kiwanja akapeperushiwa kofia mpaka kwenye shamba la watu. Dada Simu alikumbuka kwamba kofia ile ilirudishwa siku ya tatu, ikiwa na mayai ndani. Mwenye kuku alidhani imetupwa. Binti alikuwa amekaa chini, kidevu juu ya magoti, anafuta machozi ya kicheko. Hata Karani alikuwa amesahau siku nne zile, anarekebisha uzito wa kila kitu kinachotajwa: “Hapana, hapana, ile ilikuwa tani tisa na nusu, si kumi.”

Kisha Bonge alisimama katikati ya zulia. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyeshangaa.

“Kwa kuwa tuko kwa mwenyewe,” alisema, “na kwa kuwa Rubani ameandika lakini hakuandika vizuri—”

“Nimeandika kilichotokea,” Rubani alisema.

“Ndiyo maana hakichekeshi.”

Akachukua mto wa kochi akauweka nyuma ya kiuno uwe mtambo wa magazeti. Akanyoosha mikono iwe mabawa. Lazima kusema ukweli, aliigiza vizuri. Alikuwa ndege, alikuwa wapakizi, alikuwa Rubani na kikombe chake cha chai kinachomwagikia tai. Aliinua kidevu taratibu, taratibu, magoti yakakunjika, mpaka akakaa kitako juu ya zulia la Fundi na macho yametazama dari. Watu walikuwa hoi.

“Na karani wetu yuko wapi?” Bonge aliuliza akiwa chini. “Karani yuko kivulini! Amelala fofofo! Karatasi ya uzito imemfunika uso, inapanda na kushuka, fuu, fuu!”

Binti naye alicheka. Kisha akamtazama baba yake. Karani alikuwa anacheka pia, kicheko cha mtu anayelipia wote, lakini mikono yake ilikuwa imeshika magoti kwa nguvu. Kicheko cha binti kikakwama.

Fundi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alilibeba mpaka mezani, akaliweka bila kumwaga tone.

“Bonge,” alisema, “siku hiyo ilikuwa saa ngapi?”

“Mchana, shemeji. Saa sita na kitu. Tulikuwa tunawahi chakula.”

“Tarehe saba mwezi wa sita, saa sita na kitu mchana.” Aligeukia wageni. “Mimi saa hiyo nilikuwa wodi ya wazazi, nazaa huyu hapa.” Alimwonyesha binti kwa kijiko. “Nilimngoja huyu bwana mpaka saa moja jioni. Akaniambia kazi zilikuwa nyingi. Kumbe alikuwa amelala. Sawa. Sasa nataka nijue, mbele ya mashahidi, mtu ambaye mke wake ana uchungu toka usiku anapataje usingizi kivulini?”

Bonge alikuwa bado amekaa chini na mto wake.

“Ngoja kwanza,” ilisema sauti ya redio.

Dada Simu alikuwa amesimama, anaegemea fimbo. “Ngojeni. Mtoto wa kike? Saa sita na robo hivi?”

“Wa kike,” Fundi alisema.

“Mbona simu hiyo niliiunganisha mimi?”

*

Sebule ikamgeukia. Dada Simu hakuharakisha. Maisha yake yote alikuwa amewangojesha watu kwenye laini, alijua namna ya kufanya hivyo.

“Muuguzi alipiga. Wakati ndege iko chini, simu za nyumbani zilikatazwa kabisa. Mimi nilikuwa na maonyo mawili, la tatu ningefukuzwa. Lakini ni mtoto amezaliwa, jamani! Nikapiga simu ya banda la mizigo, nikamwambia aliyepokea amwite karani wa uzito, haraka. Akaja anahema. Nikawaunganisha.”

“Halafu ukasikiliza,” Rubani alisema.

“Ilikuwa kazi yangu kuhakikisha laini ni safi,” Dada Simu alisema kwa heshima zote, na watu wakaguna. “Muuguzi akamwambia, hongera, umepata mtoto, mama yake mzima. Sasa mnajua huyu mtu aliuliza nini? Hakuuliza wa kike au wa kiume. Aliuliza, ‘Ana kilo ngapi?’”

Binti aliziba mdomo kwa mikono miwili.

“Muuguzi akasema kilo tatu na robo. Akasema, ‘Rudia tafadhali.’ Akarudia. Akasema, ‘Asante, nimeandika.’ Kisha nikasikia kishindo na makelele, na laini ikakatika. Mwezi uliofuata nikahamishiwa ofisi ya mjini. Kisa cha ndege nilikisikia huko huko juu juu, kwamba kuna mtu alilala. Wallahi sikujua ni yeye. Sikujua ni siku ile.”

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani. Hakukumbuka kukaa. “Mzee,” alisema polepole, “ulikuwa kwenye simu?”

“Dakika nne,” Karani alisema. “Labda tano.”

“Na habari ya kulala?”

“Ya kulala niliisema mwenyewe. Wakubwa waliniuliza, ulikuwa wapi? Ningesema simu, wangeuliza, nani aliunganisha? Dada huyu ana maonyo mawili. Nikasema nilisinzia. Ndilo lililokuja mdomoni.”

Dada Simu alikaa chini ghafla. “Kaka yangu,” alisema, na ile sauti nzito ikapasuka katikati.

Sasa macho yote yalikuwa kwa Bonge. Alikuwa ameuondoa mto nyuma yake na kuuweka mapajani, anauchezea pindo.

“Alituambia tusiguse kitu mpaka arudi,” Bonge alisema. Hakuigiza tena. “Alisema. Mimi nilimwona anakimbia, nikadhani anawahi msalani. Nikawaambia vijana, toeni haya marobota ya mbele, mepesi haya, tuwahi chakula. Aliposema alisinzia nikashukuru Mungu. Nyapara kwa jina tu, nilikuwa kibarua, bila hata karatasi ya ajira. Nikasema, kama mwenyewe anasema alisinzia, mimi ni nani nibishe?” Aliugeuza mto mapajani. “Halafu nikakisimulia mara moja, watu wakacheka. Nikakisimulia tena. Kadri nilivyochekesha ndivyo nilivyokuwa nasahau. Shemeji, nimekunywa soda za nyumba hii miaka mingapi?”

“Nyingi,” Fundi alisema.

“Unisamehe, Mkia. Unisamehe, Karani.”

“Unakisimulia vizuri,” Karani alisema. “Mimi mwenyewe hucheka.”

“Usinitetee, bwana! Nitukane kidogo.”

“Sijui kutukana. Mwambie huyu,” alisema Karani, akimwashiria mkewe kwa kidevu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kicheko kikapita chumbani, kidogo, cha woga.

Lakini Fundi alikuwa hajamaliza. “Simu ni dakika tano. Saa moja jioni inatokea wapi?”

Aliyejibu ni Rubani. Alikuwa amefungua kitabu chake cha safari juu ya mapaja, lakini hakukitazama. “Hilo nalijua mimi, shemeji, na naona aibu. Tulisimamishwa wote pale chini ya ndege, hakuna kuondoka, mpaka wakubwa waje na wapige picha. Huyu aliomba ruhusa. Mara tatu nilizosikia mimi. Mkuu wa kiwanja akamuuliza, uende wapi? Hakusema. Tukadhani anataka kukimbia. Mkuu akasema, huyu asitoke hata kwenda kunywa maji.” Alifunga kitabu. “Na kuna jambo jingine ambalo sikuliandika kwa sababu sikulielewa. Cheo cha karani mkuu alikuwa apewe yeye mwaka ule. Hakukikosa kwa sababu ya ndege. Ndege walikuwa tayari kusamehe. Alikikosa kwa sababu kila alipoulizwa swali alikuwa anatabasamu. Mkuu aliwaka! Alisema, mtu ameangusha ndege na anatuchekea usoni, huyu ana dharau. Nakumbuka nikajisemea, kweli huyu jamaa hana akili. Alitabasamu mpaka jioni. Walimfokea, anatabasamu. Jua linachoma, anatabasamu.”

Binti aliinuka pale chini, akaenda kukaa kwenye mkono wa kochi la baba yake. Akaweka kichwa chake juu ya upara wa baba, akijihadhari na kitambaa cha jicho.

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyeangusha ndege,” alisema.

“Hukuiangusha,” Karani alisema. “Uliikalisha.”

Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Mwenye goti jipya alicheka mpaka akaogopa kulivunja. Bonge alicheka na kulia pamoja, hajui kipi kinatangulia, Dada Simu akimpiga mgongoni kwa mpini wa fimbo. Jirani aliyeazimisha viti alichungulia dirishani kuona kuna nini, akapewa keki, akaingia. Rubani alisema kwa umri wake wote hajawahi kuona kosa la kuunganisha simu likileta faida hivyo. Mtu akaanza kupiga makofi, halafu wote. Karani alikuwa anatazama sakafu kwa jicho lake moja, na midomo ilikuwa imemshinda kuizuia. Alikuwa anatabasamu.

Fundi aliliona tabasamu hilo. Miaka thelathini na minane alikuwa ameukosa uso ule, kwa sababu jioni ile, ulipoingia wodini, yeye alikuwa ametazama ukuta.

*

Wageni waliondoka saa kumi na moja. Bonge alikataa katakata kuondoka kabla hajaosha vikombe vyote na kurudisha viti kwa jirani, kimoja kimoja, kichwani. Binti alimsindikiza Dada Simu hadi kwenye gari.

Walibaki wawili. Fundi aliokota makombo ya keki kwenye zulia, moja moja, jambo ambalo ufagio ungelifanya kwa mara moja.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Uligeukia ukutani,” Karani alisema. “Nikasema nitamwambia kesho. Kesho mama yangu alikuwepo, na unamjua mama. Angesema mtoto amekuja na nuksi, siku aliyozaliwa ndege imekaa. Mtoto angeitwa Mkia naye. Nikasema acha niitwe peke yangu. Halafu likapita. Jambo likipita sana, kulirudia ni kama kujitetea.”

“Kwa hiyo ukaniacha nikuseme. Mtoto ameshakauka, mtoto ameshakauka. Miaka yote hiyo.”

“Si alikuwa ameshakauka kweli?”

Fundi alimtupia kombo la keki. Halikumpata.

“Usidhani nimekusamehe,” alisema. “Umeniibia. Ningekuwa nacheka na nyinyi toka zamani. Nina hasira na wewe mpaka Jumatatu.”

“Jumatatu asubuhi au jioni?”

“Nitakujulisha.” Alisimama, akashika kiuno. “Hebu niambie. Baada ya kusema umeandika. Uliandika wapi?”

Karani alifikiri. “Kwenye karatasi ya uzito. Sikuwa na nyingine. Mkuu wa kiwanja aliiona, akaniuliza, hizi kilo tatu na robo ni mzigo gani, mbona haumo ndegeni?”

“Ukamjibu nini?”

“Nikatabasamu.”

Fundi aliketi kando yake kwenye kochi. Wakacheka kwanza kwa adabu, kisha bila adabu, mpaka binti aliporudi akasimama mlangoni akiwatazama, akarudi nyuma taratibu na kwenda kumsaidia Bonge viti.

*

Wiki iliyofuata Karani alitolewa kitambaa, na Fundi akaandika barua kwa kijarida. Ilikuwa mara ya kwanza mtu ambaye hakufanya kazi kwenye ndege kuandika humo. Aliiandika kwa siku tatu, kati ya sketi moja na nyingine, kurasa nne mbele na nyuma. Alieleza yote: kanga aliyobadilisha, mapapai ya watu, simu, banda la mizigo, jua, mkuu wa kiwanja, tabasamu. Mwishoni aliandika kwamba kuanzia sasa mumewe aitwe jina lolote watakalo, lakini neno kulala lisisikike tena.

Rubani alipiga simu Ijumaa.

“Shemeji, nimeisoma mara mbili. Ni nzuri sana. Lakini ukurasa wangu ni mmoja tu, na hii ni ndefu. Niruhusu nipunguze kidogo.”

“Punguza. Mimi si mwandishi.”

“Nilikuwa nafikiri, pale penye kilo za mtoto—”

“Hapo usiguse.”

“Haya. Basi pale alipokuwa akitabasamu, pamerudiwa mara nne.”

“Hapo pia usiguse. Hata moja.”

“Wodini?”

“Usiguse.”

Rubani alihema kwenye simu. Karani, kwenye kochi, alikuwa amesogeza sikio kama opereta.

“Sasa shemeji, unataka nikate nini?”

Fundi aliuzungusha uzi wa pindo kwenye kidole, akamtazama mumewe, ambaye sasa alikuwa na jicho moja jipya na alikuwa akimtazama nalo.

“Kata ndege,” alisema.